Nilivyokuwa Mathe kwa Simu ya Kliniki

Kitu cha kijinga nilichofanya, wacha nikitaje mapema tumalizane nacho, ni kwamba kwa karibu muhula mzima nilipokea simu za kliniki nikijifanya mathe, yaani mama yangu. Si kujibu kwa niaba yake. Kujifanya yeye. Nilikohoa kama yeye, nikasema "haloo" ya kuvuta kama yake, nikalalamika juu ya mgongo, na sista, muuguzi wa kliniki, akaniuliza kama nimepata choo, nikamwambia nimepata, asante, Mungu ni mwema.

Kama unashangaa mvulana wa kidato cha tatu mwenye ndevu za kuhesabika anawezaje kusikika kama mama wa watoto wawili kutoka Machakos, basi hujawahi kukaa darasa letu. Kipaji changu ni sauti za watu. Ni hicho tu nilipewa, maana hesabu nilinyimwa kabisa. Namwiga naibu wa mwalimu mkuu hadi siku moja yeye mwenyewe alisimama nje ya dirisha akisikiliza, nadhani akijaribu kukumbuka ni lini alisema hayo maneno. Nilifagia uwanja wiki hiyo yote. Namwiga mhubiri wa spika mbovu kule chini karibu na reli, pamoja na spika yenyewe. Lakini mathe ndiye nilianza naye, nikiwa mtoto mdogo, na sikuwahi kumwiga mbele yake. Kwetu mtu hamwigi mzazi akiwa amesimama hapo. Utachapwa, halafu utaombewa, halafu utachapwa tena ili maombi yashike.

Na mathe ni rahisi kumwiga. Kila kitu anakianza na "sasa wewe", hata akiongea na jiko likikataa kuwaka. Akimaliza anauliza "umesikia?" na jiko halijibu. Hapo katikati anaweka "aiii" ndefu inayopanda juu kisha inaanguka, kama mtu ametupa kitu shimoni na anangoja kisikike kikifika chini. Ukishapata hiyo aiii, mengine yanakuja yenyewe.

Tunaishi Mashimoni, chumba kimoja cha mabati chenye pazia katikati. Upande huu kitanda cha mathe na dadangu mdogo wa darasa la tano. Upande ule ni mimi, jiko na mitungi ya maji, na kati ya hao watatu mimi ndiye sina faida. Baba yuko kwa mjengo Athi River, huja mwisho wa mwezi. Kabla hajaugua, mathe alikuwa na kibanda Kawangware, anawauzia muthokoi mafundi wa kuchomelea vyuma. Kama hujui muthokoi, ni mahindi yaliyokobolewa ngozi yakapikwa na maharagwe hadi yakalainika, na kama hujui basi pole, umeishi bure.

Halafu akapata uvimbe kwa titi. Hospitali kubwa ikasema ni kansa, ikamfanyia upasuaji, ikamwanzishia kemo, ile dawa ya kudondoshwa kwa mshipa. Hospitali kubwa kazi yake ni hiyo. Unaenda, unakaa kwa kiti siku nzima, unarudi nyumbani na ndoo ya kutapikia. Lakini kati ya kemo moja na nyingine ni wiki kadhaa, na mtu anaziishi kwake, kwenye mabati na moshi wa jirani. Hizo wiki ndizo zilikuwa za kliniki yetu ya mtaa.

Kliniki yenyewe ni mabati pia, ila imepakwa rangi ya samawati ili mtu asiichanganye na posho mill ya kusaga unga. Kuna daktari mmoja mwembamba ambaye huongea kama anaogopa kuamsha mtu, na kuna sista. Sista anatoka upande wa magharibi mwa nchi, ni mwanamke mkubwa, na kicheko chake hufika kwa mlango kabla yake. Wagonjwa wote wa kansa wa upande wetu alikuwa anawaita "watu wangu", na kila Jumanne na Ijumaa jioni, akimaliza kuhudumia foleni ya kikohozi na malaria, alikuwa anawapigia simu mmoja mmoja. Umekula? Umetapika? Umepata choo? Joto ni ngapi? Alimpa mathe kipimajoto, kile kijiti cha kuweka kwapani, na sheria moja tu, aliyoisema hadi dadangu akaijua kama wimbo wa taifa. Kemo inaua askari wa damu wanaopigana na magonjwa, kwa hivyo homa ikipanda usingoje kesho, usimeze dawa ya kuificha, kuja kliniki saa hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi sista alikuwa anawakusanya watu wake nyuma ya kliniki. Benchi mbili, sufuria ya uji, na mazungumzo. Mathe alikataa kwenda. Baadaye akakubali, lakini kwa masharti ya kwamba nimsindikize. Nikadhani anahitaji mtu wa kumshika mkono. Kumbe alikuwa na mpango.

Sista akasema kila mtu ajitambulishe, aseme anaendeleaje. Ilipofika zamu ya mathe, akanitazama, akatazama uji, akasema, "Sasa mimi, nimemleta huyu kijana."

Watu wote wakanigeukia. Mama mmoja aliyejifunga kitambaa cha kijani kichwani akaweka mkono kifuani. "Uuui! Mdogo hivyo?"

"Ndio hivyo," mathe akasema, akitikisa kichwa kwa huzuni.

Mzee mmoja fundi wa viatu, ambaye kansa ya koo ilikuwa imemwachia sauti ya kunong'ona tu, akaniinamia. "Imekushika wapi, kijana?"

Nikafungua mdomo. Mathe akanikanyaga mguu.

"Tumbo," nikasema. Ndilo neno lililokuwa karibu.

Basi nikapewa kikombe cha uji kikubwa kuliko cha mtu yeyote pale. Nikaombewa. Mama wa kitambaa cha kijani akanishika kichwa na mikono miwili akamwambia Mungu kwamba huyu bado hajaoa. Mzee wa viatu akaninong'oneza kwamba ukitaka kutapika, tapika, usione aibu, yeye hutapika kama paka. Na ukweli mtupu ni kwamba nililia kidogo, sijui kwa nini, labda ni vile hakuna mtu alikuwa amewahi kuniombea kwa kirefu bila kunikaripia ndani yake. Sista alikuwa amesimama kando na upawa wa uji. Akamtazama mathe, akanitazama mimi, akaniongezea uji. Yeye ndiye alikuwa anamfunga mathe kidonda. Alijua vizuri kwamba tumbo langu halina shida yoyote isipokuwa halijai.

Kwa hivyo ukinihukumu, kumbuka nani alianza. Yeye ndiye alinifanya mgonjwa kwanza. Mimi nililipiza tu.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza, "Mama, mbona umesema ni mimi?"

"Sasa wewe, ulitaka niseme nini?"

"Si ukweli?"

"Na mtu akisikia mpishi ni mgonjwa, atakula?"

"Kansa haiambukizi. Sista amesema."

"Enda uwaambie hivyo mafundi wa Kawangware wakiwa na njaa, na hapo kando kuna mwingine amepakua. Aiii." Akatembea kidogo. "Nikipona nitarudi kwa sufuria yangu, hakuna mtu atajua kitu. Umesikia?"

Nikasikia. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya mathe, na ilikuwa kubwa kuliko kemo. Mtu akimuuliza anaendeleaje, jibu lilikuwa "nzuri tu". Angeweza kuwa ameshika ndoo, macho yamemtoka, na jirani apitishe kichwa mlangoni aulize habari, naye ajibu nzuri tu, karibu chai, na chai yenyewe hakuna.

Simu za sista zilimchosha. "Huyu mtu anauliza kama askari wa kanjo anatafuta leseni," alikuwa anasema, akigeukia ukuta. "Mwambie nimelala." Nikawa namwambia sista amelala, na sista anasema sawa, nitapiga baada ya saa moja, na baada ya saa moja anapiga kweli. Jumanne moja baada ya kemo ya tatu, mathe akiwa hata hataki kusikia harufu ya simu, nikaona hii mambo tuimalize. Nikatoka nje hadi pale wanapouza maji, nikakohoa.

"Haloo?"

"Mama, habari ya jioni?"

"Sasa wewe sista, nzuri tu. Aiii, ni huu mgongo kidogo."

Nikajua nimekwisha. Halafu sista akasema polepole, "Pole sana, mama. Mgongo tangu lini?"

Manze, ilikuwa tamu. Nilikuwa nimepanga nicheke mwishoni niseme ni mimi, lakini aliniuliza vizuri hadi nikaona ni kumkosea heshima. Nikajibu yote. Umekula? Nikasema vijiko viwili vya ugali halafu nikasukuma sahani, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoona. Umetapika? Nikasema asubuhi, na nikajaribu kumficha mtoto lakini mtoto aliona. Kuhusu choo nilikisia. Joto ni ngapi? Nikasema thelathini na sita nukta sita, namba ambayo kijiti kilionyesha siku ya kwanza tulipoletewa nacho, na ikanipendeza jinsi inavyotamkika.

"Sawa, mama," sista akasema. "Na yule kijana wako wa tumbo anaendeleaje?"

"Huyo? Aiii, sista. Huyo ni baraka. Anaosha vyombo bila kuambiwa. Anateka maji. Ana akili sana."

"Hata hesabu?"

"Hesabu ni mambo ya mwalimu."

Nikasikia kitu kama kicheko kimezibwa na kiganja. Nikarudi ndani nimevimba kichwa. Mathe akauliza, "Umemwambia nimelala?" Nikasema, "Ameridhika." Na hilo halikuwa uongo.

Basi ikawa hivyo kila Jumanne na Ijumaa. Nikawa mathe bora kuliko mathe. Nililalamika juu ya ganzi kwenye vidole, maana nilikuwa nimemwona akiangusha vikombe. Nilisema uji wa wimbi unakaa tumboni lakini wa mahindi unarudi. Nikapewa mashauri, nikayatekeleza. Nikaanza kumtilia mathe tangawizi kwa chai, nikamwekea miguu juu ya mto, naye akadhani hatimaye nimelelewa.

Halafu Ijumaa moja sista akamaliza maswali yake yote, akauliza moja ambalo halikuwa kwenye mtihani. "Mama, kuna kitu kinakusumbua kichwani?"

Nikafikiria nitunge kitu. Nikasema, na sauti ya mathe, "Ni huyu kijana. Saa ya chakula anatoroka shule, anakuja hapa. Anasema amesahau kitabu. Kila siku amesahau kitabu. Anasimama kwa mlango anaangalia blanketi kama inapanda na kushuka. Ikipanda, anarudi shule."

"Na wewe unamwambia nini?"

"Mimi najifanya nimelala," nikasema. Hilo sikulijua kama ni kweli. Nililitunga hapo hapo, na baada ya kulisema nikataka sana liwe kweli.

Sista hakucheka safari hiyo. "Mwambie huyo kijana," akasema, "siku akitaka kuongea aje hapa kliniki. Hata kama tumbo haliumi."

"Nitamwambia."

"Umwambie kabisa."

"Nimesikia, sista."

Kuna kitu kimoja sikukiunganisha wakati huo, na ninakisema sasa ili ujue sista hakuwa mjinga katika hii hadithi. Kila baada ya simu yangu, kesho yake, alikuwa anapita laini yetu ya nyumba kununua sukuma wiki kwa jirani. Akipita lazima amsalimie mathe, na salamu yake ilikuwa ya kushika shingo, kushika mkono, kutazama ulimi huku wakiongea juu ya bei ya nyanya, na mara nyingine kijiti kilitoka kwa mfuko wake mwenyewe. "Unaendeleaje, mama?" "Nzuri tu." "Najua," anasema sista, na anaenda zake na sukuma. Mimi nilidhani sukuma ya laini yetu ni tamu sana.

Halafu ikafika Ijumaa ambayo huu mchezo ulinishinda. Nilitoka shule nikamkuta mathe ameketi mlangoni na sinia mapajani, anachambua mahindi. Alikuwa ameamua kwamba kesho yake anaenda Kawangware mwenyewe. Dada yake mdogo ndiye alikuwa anashikilia kibanda, na habari zilikuwa zimefika kwamba muthokoi inatoka kwa moto kabla ya wakati na mafundi wananung'unika. Mathe alivumilia kemo, akavumilia kupoteza nywele, lakini muthokoi mbichi ilimshinda.

Alikuwa amevaa sweta mbili. Jua lilikuwa linapika mabati, dadangu anafanya homuwaki amelowa jasho, na mathe ana sweta mbili na anatetemeka hadi mahindi yanaruka kutoka kwa sinia.

"Mama, una baridi?"

"Ni upepo."

Hakukuwa na upepo. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kama sufuria imetoka tu jikoni.

"Ni mabati," akasema kabla sijauliza. "Kila mtu ana moto leo."

Nikaleta kijiti. Akakataa. Nikasimama nacho hapo mbele yake kama askari hadi akakichukua kwa hasira akakisukuma kwapani, akiendelea kuchambua na mkono mmoja. Kikalia. Thelathini na nane nukta tisa.

"Hata hicho kimekaa kwa mabati," akasema.

"Sista alisema homa ikipanda—"

"Sista atanirudisha kule." Halafu akasema chini chini, dadangu asisikie, "Wakati ule wa upasuaji kulikuwa na mama kitanda cha kando. Tuliongea vizuri jioni, tukacheka. Asubuhi nikaamka kitanda kimetandikwa, shuka mpya, na hakuwa ameenda nyumbani. Mimi siendi kulala kule tena. Kesho niko Kawangware. Mtu asiambiwe. Umesikia?"

Na hapo simu ikalia.

Nilitoka nayo nje, miguu ilishazoea njia. "Haloo," nikasema, na ilikuwa sauti ya mathe kabisa. Sista akaanza. Umekula? Umetapika? Nikajibu. Joto ni ngapi? Ile namba ya kila siku ilikuwa imekaa tayari kwa ulimi. "Sasa wewe sista," nikasema, na sauti ikagoma. Nikajaribu tena. Ikatoka yangu, ile mbaya ya kuvunjika, nusu mbuzi nusu mzee.

"Sista, ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Hapana, si mathe. Ni mimi kijana wake."

"Kijana, najua. Tangu siku ya mgongo. Mama yako hajawahi kuniambia anaumwa na kitu chochote. Joto ni ngapi? La ukweli."

"Thelathini na nane nukta tisa."

Kila kitu kwa sauti yake kikabadilika, kicheko kikatoka kabisa. "Amemeza dawa yoyote?"

"Hapana."

"Anaweza kutembea?"

"Anachambua mahindi."

"Mlete sasa hivi. Si baada ya mahindi. Mimi na daktari tunangoja hapa. Akikataa nipigie, nakuja mwenyewe."

Nikarudi ndani. "Mama, sista anasema twende."

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lilinitisha. Alivuta sinia karibu. "Nimalize haya kwanza."

Nilisimama hapo sina kitu. Siwezi kumbeba. Siwezi kumwamrisha, nani huamrisha mathe? Nikamwona mahindi yanamponyoka vidoleni, anayaokota, yanaponyoka tena. Na nikakumbuka nikiwa darasa la saba, nina malaria, nakataa kwenda hospitali kwa sababu kuna mechi, na vile alivyosimama juu yangu. Nikasimama vivyo hivyo, mikono kiunoni.

"Sasa wewe," nikasema, na sauti yake.

Mkono wake ukasimama juu ya sinia. Dadangu akaweka kalamu chini, akaziba mdomo. Alijua leo nakufa.

"Sasa wewe umekuwa daktari? Umesomea wapi? Ati mabati! Mabati yako ndani ya kwapa? Aiii! Weka hayo mahindi chini. Mimi sikumlea mtu nikae hapa nimtazame akichemka kama maharagwe. Vaa viatu. Umesikia?"

Jirani wa ukuta wa pili alizima redio, ama labda niliona hivyo tu. Mathe aliniinulia macho, mekundu na homa.

"Nani amekufundisha hivyo?"

"Wewe."

"Mimi huongea hivyo?"

"Ndiyo, Mama," dadangu akasema kupitia vidole. "Hivyo hivyo kabisa."

"Aiii," mathe akasema, na sote watatu tukasikia kwamba ni ile ile. Kona ya mdomo wake ikaanza kucheza. Sijui kama alitaka kucheka au kulia. Akaweka sinia chini. "Leta viatu."

Kutoka kwetu hadi kliniki si mbali, lakini mtu wa homa anaweza kupafanya pawe mbali. Aliniegemea kwa bega, na nilikuwa nahisi moto wake kupitia shati la shule. Na bado, kila tuliyekutana naye kwa vichochoro, akiuliza kuna nini, mathe alijibu, "Nampeleka huyu kijana. Tumbo." Basi nikainama kidogo, nikashika tumbo na mkono uliobaki. Nilimshika yeye, nikashika tumbo, tukaenda hivyo hadi kwa mlango wa samawati.

Sista alikuwa amekwisha tayarisha kila kitu. Hakumuuliza mathe anaendeleaje, alimlaza tu. Daktari mwembamba akatoa damu, akamwekea dripu, akamchoma sindano ya kwanza ya dawa ya kuua vijidudu, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti, kwa simu, akiwaambia hospitali kubwa kwamba anawatumia mgonjwa wa kemo mwenye homa na asiketishwe kwa foleni. Mathe akamshika sista kwa aproni. "Sitaki kulala kule."

"Najua," sista akasema. "Kijana wako aliniambia unaogopa mambo mengi. Kule tunaenda pamoja, nitakaa hadi upate kitanda, na kesho nakuja kukuangalia. Nikikuta umetandikiwa shuka mpya, ni kwa sababu umemwaga chai."

Sikuwa nimemwambia sista habari ya kile kitanda. Nadhani mathe alimwambia yeye mwenyewe, pale akichomwa sindano. Kama ni hivyo, ilikuwa mara ya kwanza amwambie mtu kitu.

Wakiwa wanangoja gari, akaingia mama wa kitambaa cha kijani. Sista alikuwa amempigia apite kliniki, halafu aende akae na dadangu, ambaye tulimwacha nyumbani. Akamwona mathe kitandani na dripu mkononi, akaniona mimi nimesimama wima, nakula ndizi ya mtu.

"Kumbe si wewe?"

"Si mimi."

"Na yale maombi yangu yote?"

"Yahamishe," nikasema. "Yasonge kitanda kimoja."

Akanichapa kofi la mgongo, si la kuumiza, akaenda akakaa kwa kitanda cha mathe, akamshika mkono. "Mama," akamwambia, "mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilisema nimeleta ndugu yangu." Mathe akafunga macho, akacheka hadi dripu ikatikisika.

Alilazwa karibu wiki. Daktari wa kule alisema askari wa damu walikuwa wamekwisha kabisa, na kwamba kama angelala na ile homa hadi asubuhi, halafu aende kusimama juu ya moto Kawangware... Hakumaliza hiyo sentensi, akageuza karatasi. Dada yake mathe, aliyekuwa amechoka kubana siri, aliwaambia mafundi wote ukweli. Walichouliza ni atapona lini, kwa sababu hii muthokoi ya sasa inavunja meno. Wakatuma salamu, na mmoja akatuma kuku. Mama wa kitambaa cha kijani alipika kwetu kila jioni, na mzee wa viatu akaja akanishonea kiatu cha shule, akininong'oneza kwamba kwa mgonjwa wa tumbo ninakula sana.

Kule wodini sista alimsimulia mathe habari yote ya zile simu. Najua, kwa sababu nilienda kumwona nikakuta wananitazama wote wawili kama watu wanaotazama televisheni. Mathe hakuniambia kitu. Siku hiyo hakuniambia kitu, wala siku aliyotoka, wala kesho yake. Nikawa natembea ndani ya nyumba kama mtu aliyevunja sahani na bado haijaonekana. Niliteka maji hadi mitungi ikafurika.

Halafu ikafika Jumanne jioni. Mathe alikuwa ameketi kitandani, amejifunga kile kitambaa cha kijani, alichopewa na yule mama mwenyewe, na miguu juu ya mto. Simu ikalia. Sista. Nikaichukua, nikamtazama, nikampa, maana sasa ilikuwa haki yake. Akaishika ikilia mkononi, akaitazama, kisha akanirudishia, akasema:

"Sasa wewe, pokea. Mimi akiniuliza nitasema nzuri tu, najijua. Mwambie miguu inaniwaka. Mwambie leo nimekula nusu sahani. Mwambie ile kemo ya wiki ijayo naiogopa sana. Sema na sauti yangu, mimi nitakaa hapa nisikilize, na ukikosea nitakurekebisha. Lakini ikifika kwa joto, nipe simu niseme mwenyewe. Umesikia?"